Kusafisha Chumvi Ghafi ya Bahari Maabara: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Walimu na wanafunzi wa shule za pwani huuliza swali moja tena na tena. Wamechukua chumvi ghafi ya mashamba ya Nunge, hapa Bagamoyo, wakaiyeyusha, wakaichuja, wakachemsha maji hadi yakaisha. Chumvi imepatikana, lakini ikilala usiku mmoja kwenye sahani asubuhi imelowana. Kipimo cha magnesiamu bado kinatoa wingu jeupe. Wamekosea wapi?

Karibu kila mara kosa ni lile lile: wamekausha hadi tone la mwisho.

Kuchuja huondoa vitu visivyoyeyuka tu, yaani mchanga, udongo, vipande vya magome na makombe. Kuchemsha huondoa maji tu. Magnesiamu, kalsiamu na salfeti vimeyeyuka pamoja na chumvi, kwa hiyo hupita kwenye karatasi ya kuchujia bila kizuizi, na maji yakiisha vyote hurudi juu ya chumvi yako. Njia ya kuviondoa ni kuviacha ndani ya maji ya mwisho, kisha kuyamwaga maji hayo. Ukiushika ukweli huu mmoja, hatua zote zilizo hapa chini zitakueleweka.

## Vifaa na kemikali

Kiasi nilichopanga kinatosha kibakuli cha kawaida cha shule. Usiongeze maradufu mara ya kwanza.

- Chumvi ghafi ya bahari, gramu 25
- Maji yaliyokenekwa, mililita 150 hivi kwa kazi yote
- Bika mbili za mililita 250 na moja ya mililita 100
- Faneli, karatasi za kuchujia zisizopungua 4, na stendi
- Kijiti cha kioo
- Kibakuli cha kauri cha kuvukishia
- Kichomeo cha gesi au taa ya spiriti, tripodi na wavu
- Mizani inayosoma angalau sehemu ya kumi ya gramu
- Kinu kidogo cha maabara na mchi wake
- Sodiamu kaboneti, gramu 2.5
- Asidi ya haidrokloriki hafifu, ya mola 1 kwa lita
- Mmumunyo hafifu wa sodiamu haidroksidi na wa bariamu kloridi, kwa ajili ya vipimo
- Karatasi za litmasi, bluu na nyekundu
- Neli za majaribio 6 na kidondoshi
- Miwani ya kukinga macho, koleo na kitambaa kikavu
- Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana

Kuna mambo manne ya kuangalia kabla ya kuwasha moto.

Maji. Usitumie maji ya kisima. Visima vingi vya pwani vina kalsiamu na chumvi, nawe utakuwa unaongeza kile unachotaka kukiondoa. Maji yaliyokenekwa yakikosekana, kinga maji ya mvua kwenye chombo safi baada ya mvua kunyesha muda wa kutosha kuosha paa, kisha yachuje.

Sodiamu kaboneti. Shule nyingi hukwama hapa. Magadi ya mawe ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, yana uchafu mwingi na hayafai. Tengeneza yako kwa magadi soda ya kuokea, ambayo ni sodiamu baikaboneti. Weka gramu 4 kwenye kibakuli kikavu cha kauri, pasha moto wa wastani kwa dakika 30 huku ukikoroga. Utaona unga unatikisika kana kwamba unachemka. Ni gesi ya kaboni dayoksidi na mvuke vinatoka. Unga ukitulia kabisa, pasha dakika chache zaidi, uache upoe, upime. Gramu 4 hutoa takriban gramu 2.5 za sodiamu kaboneti. Ukipata zaidi ya hapo, rudisha motoni.

Sufuria. Usitumie sufuria ya alumini kwa kazi hii, hata kwa dharura. Sodiamu kaboneti hula alumini. Vyombo vya chuma navyo hushika kutu upesi kwenye maji ya chumvi moto, na hiyo ndiyo asili ya ile chumvi ya manjano ambayo wengi hudhani imeungua. Tumia kioo au kauri.

Usalama. Maji yaliyoshiba chumvi huchemka kwenye nyuzi 108 hivi za Selsiasi, juu kidogo ya maji ya kawaida, na yakikurukia hunata kwenye ngozi. Vaa miwani tangu unapowasha moto hadi unapozima. Bariamu kloridi ni sumu ikimezwa. Na chumvi yoyote iliyopita kwenye vyombo vya maabara hairudi jikoni, hata iwe nyeupe namna gani. Zaidi ya hayo haina madini joto ambayo chumvi ya mezani hutiwa.

## Hatua ya 1: Chagua na usage

Chukua chumvi ya juu ya lundo, si ile iliyokokotwa pamoja na tope la chini. Pima gramu 25, uiandike namba hiyo kwenye daftari, kisha isage kwenye kinu mpaka iwe kama sukari.

Punje kubwa za chumvi ya bahari huwa na vijishimo ndani vilivyonasa maji machungu ya bwawani, yaani maji ya mwisho yaliyobeba magnesiamu. Usipozivunja zitachelewa kuyeyuka, nawe utashawishika kuongeza maji. Kila mililita ya ziada utailipa kwa mafuta baadaye.

Weka kando gramu 2 nyingine za chumvi ghafi ambazo hutazigusa. Utazihitaji mwisho, kwa kulinganisha.

## Hatua ya 2: Yeyusha

Tia chumvi kwenye bika ya mililita 250, ongeza mililita 80 za maji yaliyokenekwa, pasha hadi yawe vuguvugu na ukoroge dakika 5.

Kwenye joto la chumba mililita 100 za maji hubeba takriban gramu 36 za chumvi. Kwa hiyo mililita 80 zinaweza kubeba karibu gramu 29, na wewe umetia 25. Nafasi iliyobaki inatosha kuzuia chumvi isigande kwenye shina la faneli, na haikulazimishi kuvukiza maji mengi.

Dalili ya kufaulu: hakuna punje zinazokwaruza chini ya kijiti. Ikibaki michanga, igonge kidogo kwa kijiti. Chumvi itapasuka na kuyeyuka, mchanga hautapasuka.

## Hatua ya 3: Tuamisha, kisha chuja

Usikimbilie faneli. Acha bika itulie dakika 20. Udongo mwembamba ambao kwenye maji yasiyo na chumvi ungeelea siku nzima, kwenye maji ya chumvi hushikana na kuzama upesi, na ni heri uzame kwenye bika kuliko uzibe karatasi.

Kunja karatasi ya kuchujia mara mbili, ifungue iwe pia, ikae vizuri ndani ya faneli, uilowanishe kwa maji machache ili ishike ukuta. Mimina maji ya juu kwanza, yakitiririka kwenye kijiti cha kioo, na usipite sentimita moja kutoka ukingo wa karatasi. Ncha ya faneli iguse ukuta wa bika ya chini. Matone yanayodondoka katikati hurusha vitone pembeni na kupunguza mwendo.

Tope la chini ulimimine mwisho kabisa. Kisha suuza bika na karatasi kwa mililita 5 za maji, mara moja tu.

Tahadhari: usichokonoe karatasi kwa kijiti ili maji yaende haraka. Karatasi iliyolowa hutoboka kwa mguso mdogo, na utalazimika kuanza kuchuja upya.

Dalili ya kufaulu: ukiweka bika mbele ya maandishi unayasoma kupitia maji bila ukungu. Rangi hafifu ya manjano si tatizo kubwa kwa sasa. Ukungu ni tatizo. Chuja tena kwa karatasi mpya.

Asiye na karatasi anaweza kutumia pamba safi iliyoshindiliwa kwenye shina la faneli, juu yake kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa mara nne. Lakini yeye aache tope litue usiku kucha, kwa kuwa kitambaa hakizuii udongo mwembamba.

## Hatua ya 4: Fukuza kalsiamu na magnesiamu

Hatua hii vitabu vingi vya shule huiruka, na kwa zoezi la kidato cha kwanza haina ulazima. Ila kama unataka chumvi itakayopita vipimo, ifanye.

Yeyusha gramu 2.5 za sodiamu kaboneti kwenye mililita 25 za maji. Pasha mchujo wako, yaani maji uliyoyachuja, hadi utoe mvuke bila kuchemka. Dondoshea kaboneti tone kwa tone huku ukikoroga. Maji yatageuka meupe kama tui: kalsiamu inashuka ikiwa kalsiamu kaboneti, na sehemu kubwa ya magnesiamu inaifuata. Vyote viwili haviyeyuki, kwa hiyo sasa karatasi inaweza kuvizuia. Sodiamu inayobaki mahali pake haina madhara, kwani ndiyo unayoitaka.

Utajuaje kiasi kimetosha? Usitegemee idadi ya matone, maana kila chumvi ina uchafu wake. Simama, acha weupe uzame kidogo ili maji ya juu yawe angavu, kisha dondosha tone moja likitelemka ukutani mwa bika. Likizaa wingu jipya, endelea. Lisipozaa, ongeza matone matano ya nyongeza na uache.

Magnesiamu ni sugu. Ongeza matone ya sodiamu haidroksidi hadi tone jipya lisizae wingu tena, na salio lake litashuka likiwa haidroksidi.

Endelea kuweka bika kwenye joto la chini kwa dakika 10. Chembe changa ni ndogo mno na hupenya karatasi. Joto huzifanya zikue na kushikana. Wengi hawangoji dakika hizi, kisha wanailaumu karatasi.

Chuja kwa karatasi mpya, kama ulivyofanya kwenye hatua ya 3.

Sasa sikiliza vizuri. Chuja kwanza, asidi baadaye. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, weupe wote utayeyuka tena na uchafu utarudi majini kana kwamba hujafanya kitu. Baada ya kuchuja, dondosha asidi ya haidrokloriki kwenye mchujo safi. Vipovu vitatoka, maana kaboneti iliyozidi inageuka gesi na chumvi. Vikikoma, na litmasi ya bluu ikaanza tu kuwa nyekundu, simama. Asidi kidogo iliyobaki itaondoka na mvuke.

Usibadilishe asidi hii kwa siki wala asidi ya salfuriki. Haidrokloriki inaingiza kloridi, ambayo tayari ni sehemu ya chumvi. Siki inaacha asetati na salfuriki inaacha salfeti. Utakuwa umeondoa uchafu mmoja na kuleta mwingine.

Dalili ya kufaulu: maji angavu yasiyo na wingu, yasiyotoa povu, na yenye uchachu hafifu kwa litmasi.

## Hatua ya 5: Vukiza, na ujue pa kusimama

Mimina maji kwenye kibakuli cha kauri, kisizidi theluthi mbili. Kama hayaenei, ongeza kadiri yanavyopungua. Weka moto wa wastani.

Kwanza hakutaonekana kitu. Kisha utaona utando wa vijipande vidogo vinavyoelea juu, vingine vina umbo la piramidi iliyopinduliwa yenye uwazi ndani. Hizo ni fuwele za kwanza za chumvi. Punguza moto papo hapo na uanze kukoroga.

Hapa pana kosa la pili kwa ukubwa. Mwanafunzi aliyewahi kufuwelisha kopa salfeti au potasiamu nitreti huzima moto mara tu aonapo fuwele, akaweka kibakuli pembeni kipoe, akangoja zaidi. Kwa potasiamu nitreti angekuwa sahihi: kwenye nyuzi 20 mililita 100 za maji hubeba gramu 32 hivi, kwenye nyuzi 100 hubeba zaidi ya gramu 240, kwa hiyo kupoa kunaangusha rundo kubwa. Chumvi yetu haiko hivyo. Kwenye nyuzi 0 maji hubeba karibu gramu 36, kwenye nyuzi 100 gramu 39. Upoze utakavyopoza, utapata gramu chache tu. Sodiamu kloridi hupatikana kwa kuondoa maji, si kwa kupoza.

Kwa hiyo endelea kuvukiza. Fuwele zitajaa chini na maji yatapungua juu yake. Maji yaliyobaki yakifika takriban mililita 15, zima moto. Ili usikisie, kabla ya kuanza tia mililita 25 za maji kwenye kibakuli kile kile na uweke alama nje kwa penseli ya kuandikia kwenye kioo: mililita 15 hivi zitakuwa maji, 10 hivi ni fuwele zitakazokuwa zimekaa ndani yake. Maji ya kupimia uyamwage.

Najua inauma kuyaacha maji yenye chumvi ndani yake. Mililita 15 hizo zimebeba karibu gramu 5 za chumvi ambazo hutazipata. Lakini humo ndimo iliposalia salfeti, potasiamu, na magnesiamu yoyote iliyoponyoka kwenye hatua ya 4. Vitu hivyo ni vichache, maji bado yanatosha kuvibeba, kwa hiyo havijashuka. Chumvi ni nyingi, imezidi uwezo wa maji, kwa hiyo imeshuka. Gramu 5 ndiyo bei ya usafi.

Mabwawa ya chumvi hufuata kanuni hiyo hiyo kwa kutumia jua. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za kila aina. Yakipungua, kaboneti ya kalsiamu hutangulia kushuka. Yakifikia karibu theluthi moja hadi moja ya tano ya ujazo wa mwanzo hushuka jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu. Chumvi yenyewe hungoja hadi yafike kama moja ya kumi. Chumvi za magnesiamu huja mwisho kabisa, na mzalishaji makini huyatoa maji hayo machungu nje ya bwawa kabla hayajakauka juu ya mavuno. Kwa mpangilio huo utaona pia kwa nini sikushauri kuanza na ndoo ya maji ya bahari: utachoma gesi kuvukiza mililita 900 kati ya kila lita kabla hujaona punje moja ya chumvi.

Tahadhari mbili. Chumvi ikiwa nzito chini ya maji machache huanza kuruka na kupasuka kwa kelele, kwa sababu maji yaliyonaswa kati ya fuwele yanageuka mvuke kwa ghafla. Ikianza, ondoa moto, usiinamie kibakuli. Pia usiweke kibakuli cha moto juu ya sakafu ya saruji yenye majimaji, kitapasuka.

Mwenye muda na jua la kaskazi, Desemba hadi Februari, anaweza kuzima moto mara fuwele za kwanza zinapotokea, akahamishia maji kwenye sahani pana ya kioo, akaifunika kwa kitambaa chepesi na kuianika. Itachukua siku kadhaa, lakini atapata fuwele za mraba zenye pande bapa, kubwa kuliko za motoni na zenye uchafu mdogo ndani, kwa sababu zimekua polepole. Naye pia asingoje zikauke. Masika usijaribu.

## Hatua ya 6: Tenga na uoshe

Mwaga vyote kwenye faneli yenye karatasi mpya. Maji yanayotoka ndiyo maji machungu. Yaweke kwenye bika ya mililita 100 yenye lebo.

Fuwele sasa zimevaa utando wa maji hayo, na lazima utando uoshwe. Kwa maji matupu? Hapana. Maji matupu yatayeyusha chumvi yako na kuishusha chini pamoja na uchafu. Osha kwa maji yaliyokwisha kushiba chumvi safi, kwa sababu hayana nafasi ya kubeba chumvi zaidi ila yana nafasi ya kubeba magnesiamu na salfeti.

Yatengeneze hivi: gramu 4 za chumvi safi ya maabara kwenye mililita 10 za maji, koroga dakika kadhaa. Punje chache zitabaki chini, na hiyo ndiyo dalili kwamba maji yameshiba. Huna chumvi ya maabara? Chukua gramu 4 za fuwele zako mwenyewe. Si kamilifu, lakini ni safi mara nyingi kuliko utando unaouosha.

Mwagia nusu juu ya fuwele kote, acha ichuruzike hadi matone yakome, kisha mwagia nusu ya pili. Kuosha mara mbili kwa kidogo kidogo huondoa uchafu mwingi kuliko kuosha mara moja kwa maji yote, kwa kuwa mara ya pili maji mapya yanakutana na utando uliokwisha kupunguzwa.

Ukiwa na ethanoli, malizia na mililita 5. Chumvi haiyeyuki humo kwa kiasi cha kuonekana, ila magnesiamu kloridi huyeyuka vizuri. Zima kila moto chumbani kabla ya kuifungua chupa. Spiriti ya rangi ya dukani usiitumie, itaacha rangi yake.

## Hatua ya 7: Kausha na ufunge

Tandaza chumvi kwenye kioo cha saa au sahani ya kauri, iweke kwenye oveni ya nyuzi 110 kwa saa moja. Bila oveni, weka kibakuli juu ya wavu wenye mchanga na moto mdogo, ukigeuza mara kwa mara. Kama umetumia ethanoli, acha kwanza ikauke hewani mbali na moto.

Pima, rudisha dakika 15, pima tena. Uzito ukilingana, imekauka. Ukipungua, bado kuna maji.

Ipakie kwenye chupa ikiwa bado na uvuguvugu, ufunge. Hewa ya pwani inahusika moja kwa moja hapa. Chumvi safi huanza kunyonya maji hewani unyevu unapozidi asilimia 75 hivi, na usiku wa Bagamoyo au Tanga hupita kiwango hicho kwa urahisi. Magnesiamu kloridi huanza kwenye asilimia 33 tu, maana yake hapa kwetu hulowana mchana na usiku. Basi chumvi yako ikilowana alfajiri ya mvua, usiikatie tamaa. Ikilowana saa nane mchana wa jua kali, bado ina magnesiamu.

Kiasi cha kutarajia: gramu 15 hadi 18 kutoka gramu 25. Aliyepata 23 au 24 amekausha maji machungu. Aliyepata chini ya 12 ameosha kwa maji matupu, au amemwaga mapema mno.

## Hatua ya 8: Pima usafi

Yeyusha gramu 1 ya chumvi yako kwenye mililita 10 za maji yaliyokenekwa. Fanya hivyo hivyo kwa chumvi ghafi uliyoiweka kando. Chukua pia mililita 10 za maji matupu. Gawa kila kimoja kwenye neli mbili.

Kwenye seti ya kwanza tia matone 5 ya sodiamu haidroksidi. Wingu jeupe ni magnesiamu, na kalsiamu ikiwa nyingi. Kwenye seti ya pili tia matone 3 ya asidi ya haidrokloriki hafifu, kisha matone 3 ya bariamu kloridi. Weupe mzito ni salfeti. Asidi inatangulia ili kaboneti isije ikakudanganya kwa weupe wake.

Shika karatasi nyeusi nyuma ya neli. Wingu hafifu halionekani mbele ya ukuta mweupe, na wengi wamejitangazia ushindi kwa sababu ya ukuta. Neli ya chumvi ghafi iwe na wingu, ya maji iwe angavu, na yako isitofautike na ile ya maji. Neli ya maji nayo ikiwa na wingu, tatizo liko kwenye maji yako. Badilisha maji, urudie vipimo vyote.

Usipoteze nitreti ya fedha kwenye zoezi hili. Ni ghali, na itakuonyesha kwamba kuna kloridi, jambo ambalo chumvi yoyote italionyesha, safi kwa chafu.

## Mambo yakienda kombo

Chumvi ya kijivu. Udongo umepita. Rudi hatua ya 3, tuamisha muda mrefu zaidi.

Chumvi ya manjano au ya kahawia. Kutu ya chombo. Yeyusha upya, fanya hatua ya 4 (chuma nacho hushuka na kaboneti), tumia kauri.

Salfeti bado ipo, magnesiamu imekwisha. Kaboneti haigusi salfeti. Hiyo huondoka na maji machungu na maji ya kuoshea tu. Yeyusha fuwele zako kwenye maji mapya kidogo iwezekanavyo, yaani mililita 3 kwa kila gramu, rudia hatua ya 5 hadi ya 7. Utapoteza robo nyingine ya mavuno.

Unga mwembamba badala ya fuwele. Moto ulikuwa mkali. Unga si mchafu kwa lazima, ila hushika maji machungu mengi kati ya chembe zake, kwa hiyo uoshe mara tatu.

Maji hayapiti kwenye faneli. Angalia shina: chumvi imeganda humo. Mimina tone la maji ya moto ndani ya shina kutokea chini, na safari ijayo pasha maji kabla ya kuchuja.

## Masalia

Weupe uliobaki kwenye karatasi ya hatua ya 4 ni chokaa na magnesiamu. Unaweza kutupwa na taka za kawaida. Neli zenye bariamu zimwage kwenye chupa maalumu ya taka yenye lebo, kamwe si kwenye sinki linaloelekea baharini au kwenye shimo la shule. Maji machungu yatunze. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi yalikokwenda yale yote yasiyoonekana, arudie kazi hii bila hatua ya 4, kisha atie sodiamu haidroksidi kwenye mililita 5 za maji machungu mbele ya darasa: neli nzima itakuwa nyeupe, pembeni ya neli ya chumvi iliyooshwa ambayo haina kitu.